Zaid bin Thabit: Mwandishi wa wahyi aliyetaka mashahidi wawili

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, Aliyemjaalia mwanadamu kumbukumbu na kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi msahafu huwekwa mahali pa juu kuliko vitabu vingine. Siku ya Ijumaa huteremshwa, mzee huvaa miwani yake, watoto hukaa kitako, na Suratul Kahf husomwa. Ni nadra mtu kujiuliza maneno hayo yalihifadhiwa juu ya nini kabla hayajawekwa baina ya majalada mawili. Yalikuwa yametawanyika: mengine juu ya mifupa ya mabega ya ngamia, mengine juu ya makuti ya mitende, mengine juu ya vijiwe bapa na vipande vya ngozi, na yote yakiwa vifuani mwa watu. Aliyebebeshwa mzigo wa kuyakusanya alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Huyo ni Zaid bin Thabit Al-Ansari (RA). Leo tuyatazame maisha yake, kwani ndani yake mna somo kubwa juu ya amana ya kuandika na kutunza yaliyoandikwa.

YATIMA WA BUATHI

Zaid alizaliwa Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina, takriban mwaka 611, karibu na wakati ule ule wahyi ulipoanza kuteremka Makka. Alitoka katika ukoo wa Banu Najjar wa kabila la Khazraj, na mama yake aliitwa Nawar bint Malik. Alipokuwa na umri wa miaka sita, baba yake Thabit aliuawa katika vita vya Buathi, vita vikubwa vya mwisho baina ya Ausi na Khazraj kabla ya Uislamu kuwaunganisha. Kwa hiyo Zaid alilelewa yatima.

Mtume (SAW) alipohamia Madina mwaka 622, Zaid alikuwa na miaka 11. Jamaa zake walimpeleka mbele ya Mtume (SAW) na kumweleza kwa fahari kuwa kijana wao amekwisha kuhifadhi sura zaidi ya kumi. Zaid akasoma, na Mtume (SAW) akapendezwa naye.

Mwaka wa pili wa Hijra (624), Waislamu walipotoka kwenda Badr, Zaid naye alitaka kwenda. Alikuwa na miaka 13, akarudishwa kwa sababu ya udogo wake. Pigano la kwanza aliloshiriki lilikuwa la Khandaq mwaka wa tano (627), ambako alichukua udongo pamoja na waliokuwa wakichimba handaki. Lakini Badr iliyomkataa kama askari ilimletea jambo jingine lililobadilisha maisha yake.

Katika zama zile kuandika kulikuwa ujuzi wa wachache mno. Mwanahistoria Al-Baladhuri anawahesabu watu 17 tu miongoni mwa Makureshi waliojua kuandika Uislamu ulipodhihiri. Waarabu walitegemea vichwa vyao. Nasaba za kabila, madeni, mikataba na mashairi yalihifadhiwa moyoni, na mtu alijivunia kutosahau kuliko kuandika. Baada ya Badr, wale mateka wa Makka waliojua kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikomboa walipewa sharti: kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina, kisha awe huru. Ibn Saad anamtaja Zaid kuwa miongoni mwa waliofundishwa kwa njia hiyo. Hivyo adui wa jana akawa mwalimu, na fidia yake ikawa herufi badala ya dirhamu.

Mtume (SAW) alipouona wepesi wa akili yake, alimwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi. Barua zilikuwa zikienda na kurudi baina ya Madina na watu hao, na Mtume (SAW) hakutaka zisomwe na kuandikwa na mtu asiye na uhakika naye. Zaid alisimulia kuwa hakukupita nusu mwezi kabla hajaufahamu ujuzi huo. Tangu hapo yeye ndiye aliyeandika barua za Mtume (SAW) kwao na kumsomea majibu yao.

MFUPA WENYE UFA

Waandishi wa wahyi walikuwa wengi. Walikuwamo Ubayy bin Kaab, Ali bin Abi Talib, Uthman bin Affan na wengineo (RA). Lakini Zaid alikuwa jirani, kijana na mwepesi wa kuitika. Wahyi uliposhuka aliitwa, naye akaja na kidau cha wino, kalamu ya tete, na chochote kilichopatikana cha kuandikia.

Tusidhani kuwa Waarabu hawakuijua karatasi. Neno hilo tunalolitumia katika Kiswahili limetoka katika neno lao kirtasi, nalo lilikuwa jina la karatasi ya mafunjo iliyotoka Misri. Lakini bidhaa hiyo ilikuwa adimu na ghali. Kilichokuwa karibu ni mfupa wa bega la ngamia au mbuzi, ambao ni mpana na mweupe ukishakaushwa. Kuti la mtende lililoambuliwa majani yake, ambalo shina lake ni pana. Jiwe jeupe jembamba. Kipande cha ngozi. Hata ubao wa tandiko la ngamia. Juu ya vitu hivyo vya kawaida, ambavyo leo mtu angevitupa jaani, ndipo yalipoandikwa maneno yaliyo bora kuliko yote.

Zaid ametueleza jinsi kazi ilivyofanyika. Mtume (SAW) husoma, naye huandika. Akimaliza, Mtume (SAW) humwamuru asome alichokiandika. Pakiwa na kosa, hulisahihisha. Hapo tena ndipo Zaid hutoka na maandishi kwenda kwa watu. Kwa hiyo hata mbele ya Mtume mwenyewe (SAW) maandishi hayakuachwa bila kurejewa. Yaliandikwa kwa mkono, kisha yakasikilizwa kwa sikio.

Siku moja ilishuka aya ya 95 ya Suratun Nisaa, inayowalinganisha waumini wanaobaki nyuma na wale wanaojitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Zaid aliandika juu ya mfupa wa bega. Alikuwapo Abdullah bin Ummi Maktum (RA), Swahaba aliyekuwa kipofu, naye akauliza kwa unyonge hali ya mtu kama yeye asiyeweza kutoka. Wakati huo paja la Mtume (SAW) lilikuwa limelala juu ya paja la Zaid. Wahyi ukashuka tena, na Zaid akahisi uzito mkubwa kiasi cha kuogopa paja lake litavunjika. Hali ilipotulia, aya ilisomwa tena ikiwa na maneno machache yaliyowatoa wenye udhuru, na Zaid akayaongeza mahali pake. Miaka mingi baadaye alisema kuwa ni kana kwamba bado anayaona maneno yale yalipoongezwa, pale kwenye ufa wa mfupa.

Tuizingatie habari hiyo. Zaid hakuikumbuka aya tu. Aliukumbuka mfupa wenyewe na ufa wake. Kiswahili chetu kina neno moja, kumbukumbu, kwa yaliyo moyoni na kwa yaliyo katika jalada. Kwa Zaid mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, na jambo hilo ndilo lililomfaa siku ya mtihani mkubwa.

SIKU YA YAMAMA

Mtume (SAW) alifariki mwaka 11 Hijria (632). Kurani yote ilikuwa imeandikwa na imehifadhiwa, lakini haikuwa imewekwa mahali pamoja, kwa sababu wahyi ulikuwa ukiendelea kushuka hadi karibu na mwisho wa uhai wake, na aya mpya iliweza kuingia katika sura ya zamani. Hakuna aliyeona haja ya haraka, maana mahafidhi walikuwa wengi.

Ndipo vikaja vita vya Yamama, mwaka 12 Hijria, dhidi ya Musailima aliyedai utume. Waislamu walishinda, lakini ushindi uliwagharimu. Mahafidhi wengi waliuawa siku hiyo. Miongoni mwao alikuwa Salim, huria wa Abu Hudhaifa (RA), mmoja wa watu wanne ambao Mtume (SAW) mwenyewe aliwausia watu wajifunze Kurani kwao. Kila hafidhi aliyelala mchangani alikuwa kama maktaba iliyoungua.

Umar bin Khattab (RA) alikuwa wa kwanza kuiona hatari. Alimwendea Khalifa Abubakar (RA) na kumshauri Kurani ikusanywe. Abubakar alisita: vipi atafanya jambo ambalo Mtume (SAW) hakulifanya? Umar aliendelea kumweleza kuwa ni la kheri, mpaka Mwenyezi Mungu akakifungua kifua chake. Wakamwita Zaid. Abubakar akamtajia sababu za kumchagua: ni kijana, ana akili, hana tuhuma, na alikuwa akimwandikia Mtume (SAW) wahyi.

Zaid naye alisita kama Abubakar alivyosita. Baadaye alisema kuwa lau wangemwamuru kuhamisha mlima, usingekuwa mzito kwake kuliko kazi ile. Na tumsadiki. Kijana wa miaka 21 au 22 akiwekwa mbele ya wazee waliotangulia katika Uislamu, akaambiwa kuwa atakachokiandika ndicho vizazi vyote vitakachokisoma, lazima magoti yatetemeke.

Hapa ndipo panapodhihiri ubora wa mtu huyu. Zaid alikuwa ameihifadhi Kurani yote. Imepokewa pia kuwa alihudhuria marejeo ya mwisho, katika mwaka ambao Mtume (SAW) aliisoma Kurani mara mbili badala ya mara moja. Angeweza kukaa chumbani, akafunga mlango, akaandika kutoka kifuani mwake mwanzo hadi mwisho, na nani angempinga? Hakufanya hivyo. Imesimuliwa kuwa Abubakar aliwaamuru yeye na Umar waketi kwenye mlango wa msikiti, na yeyote atakayeleta aya iliyoandikwa asikubaliwe mpaka awe na mashahidi wawili. Wanachuoni wengi wamefasiri kuwa mashahidi hao walithibitisha kuwa maandishi yale yaliandikwa mbele ya Mtume (SAW) mwenyewe.

Basi watu wakaja. Huyu kabeba mfupa, yule kuti, mwingine kipande cha ngozi alichokuwa amekihifadhi nyumbani. Zaid akalinganisha maandishi na yaliyo vifuani, na yaliyo vifuani na maandishi. Alizipata aya mbili za mwisho za Suratut Tawba zimeandikwa kwa Abu Khuzaima Al-Ansari (RA) peke yake. Aliposema hakuzipata kwa mwingine, hakumaanisha kuwa watu hawakuzijua. Yeye mwenyewe alikuwa akizijua, ndiyo sababu alizitafuta. Alichokosa ni maandishi, naye hakutaka kuandika kwa kujitegemea mwenyewe tu.

Kazi ilikamilika kabla Abubakar hajafariki mwaka 13 Hijria (634). Kurasa hizo zilikaa kwake, kisha kwa Umar, na Umar alipouawa mwaka 23 (644) zikabaki kwa binti yake Hafsa (RA), mke wa Mtume (SAW). Bibi Hafsa alijua kusoma na kuandika, ujuzi aliofundishwa na mwanamke mwenziwe, Shifaa bint Abdullah (RA). Kwa hiyo nakala iliyokuwa tegemeo la umma mzima ilitunzwa nyumbani, katika mikono ya mwanamke msomi. Wenye mabinti na wazingatie.

KARATASI ZA NAFAKA

Katika ukhalifa wa Umar dola ilipanuka, na kichwa cha mtu mmoja hakikutosha tena kuibeba. Barua zilifika kwa maliwali zikiwa hazina tarehe, wasijue ipi imetangulia, ndipo karibu mwaka wa 17 (638) ikakubaliwa tarehe ihesabiwe tangu Hijra. Baadaye yakaanzishwa madaftari yaliyoitwa diwani, yaliyoandikwa majina ya watu na haki zao katika Hazina.

Zaid hakuwa mbali na mambo hayo. Umar alimwachia Madina mara kadhaa alipokwenda Hija. Mwanahistoria Al-Yaaqubi anaeleza kuwa nafaka za Misri zilipokuwa zikiletwa kwa merikebu hadi bandari ya Al-Jar, katika Bahari ya Sham, Umar alimwagiza Zaid awaandikishe watu kwa nyumba zao, kisha awaandikie hati za karatasi ya mafunjo zilizopigwa mhuri chini. Mwenye hati aliipeleka akapewa chakula chake.

Habari ya hati hizo haikuishia hapo. Miaka mingi baadaye, Marwan bin Al-Hakam alipokuwa liwali wa Madina, watu walianza kuuziana hati kabla ya kuipokea nafaka yenyewe. Karatasi ikawa inazunguka sokoni kutoka mkono hadi mkono, na kila mmoja akitia faida yake, ilhali chakula hakijaonekana. Imamu Malik ameipokea katika Muwatta habari ya Zaid na Swahaba mwingine kumwendea Marwan na kumkabili kuwa anaihalalisha riba. Marwan akawatuma walinzi kuzikusanya hati hizo na kuzirejesha kwa wenyewe. Zaid, aliyekuwa mwandishi maisha yake yote, hakuiheshimu karatasi kwa kuwa ni karatasi. Aliiheshimu inapokuwa shahidi wa jambo la kweli.

NAKALA ZA UTHMAN

Karibu mwaka 25 Hijria, katika ukhalifa wa Uthman, Hudhaifa bin Yaman (RA) alirejea kutoka vitani Armenia na Azerbaijan akiwa na hofu. Alikuwa amewaona askari wa Sham na wa Iraki wakigombana juu ya usomaji wa Kurani, kila kundi likidai usomaji wake ndio sahihi. Akamtaka Khalifa auwahi umma kabla haujahitilafiana.

Uthman alituma kwa Bibi Hafsa aazime zile kurasa, akaahidi kuzirudisha. Akaunda jopo la watu wanne: Zaid bin Thabit, na pamoja naye Makureshi watatu, Abdullah bin Zubeir, Said bin Al-As na Abdulrahman bin Harith. Aliwaelekeza kuwa wakihitilafiana na Zaid katika jambo la lugha, waandike kwa lugha ya Makureshi, kwani kwayo ndiyo Kurani iliyoteremka. Imepokewa kuwa walihitilafiana katika neno lenye maana ya sanduku, lililomo katika Suratul Baqara. Zaid aliliona liishie kwa herufi ha, kama watu wa Madina walivyotamka, na Makureshi wakaliona liishie kwa ta. Uthman akaamua kwa Makureshi, na Zaid akaandika hivyo. Mkuu wa waandishi alikubali kusahihishwa katika herufi moja, na wala hakununa.

Nakala zilipelekwa katika miji mikuu kama Kufa, Basra na Sham, moja ikabaki Madina, na kurasa zikarudishwa kwa Hafsa kama ilivyoahidiwa. Maandishi mengine ya watu binafsi yakaamriwa kuchomwa ili fitina isipate kuni. Lakini khati ya zama hizo haikuwa na irabu, wala kwa kawaida nukta za kutofautisha herufi. Kwa hiyo kitabu peke yake hakikutosha. Kilihitaji mwalimu. Mjini Kufa, Abu Abdulrahman As-Sulami alikaa msikitini akiwafundisha watu Kurani kwa takriban miaka 40. Maandishi yalimzuia msomaji asipotee, na msomaji akayafasiri maandishi, mashahidi wawili vilevile.

MWANACHUONI WA MIRATHI

Zaid alisifika pia kwa elimu ya mirathi, elimu ya hesabu na haki za wafu na walio hai. Mkewe mmoja, mama wa mwanawe Kharija, alikuwa binti wa Saad bin Rabii (RA), shahidi wa Uhud. Mabinti wa Saad ndio waliochukuliwa mali yote na ami yao baba alipokufa, mama yao akalalamika kwa Mtume (SAW), na aya za mirathi zikateremka zikiwapa haki yao.

Siku moja Umar, naye ni Khalifa, alimwendea Zaid nyumbani kwake kumuuliza juu ya fungu la babu anaporithi pamoja na ndugu wa marehemu. Zaid alisikitika kuwa Khalifa amejisumbua badala ya kumwita, lakini Umar akaona kuwa mwenye haja ndiye anayepaswa kwenda. Imesimuliwa kuwa Zaid alimwandikia jibu juu ya kipande cha ubao wa tandiko la ngamia, na akampigia mfano wa mti: shina limetoa tawi, na tawi limetoa vitawi viwili; likikatwa kitawi kimoja, maji yake hurudi kwa kilichobaki na kwa tawi. Imamu Shafii alimfuata Zaid katika elimu hii, na kwa kuwa Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafii, mirathi inapogawanywa Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja, hesabu ya Zaid mara nyingi ndiyo inayotumika.

Lakini rai yake mwenyewe hakupenda iandikwe kama wahyi. Marwan aliwahi kumwita akamuuliza maswali, huku amewaficha waandishi nyuma ya pazia. Zaid alipotambua alimlaumu kwa hila hiyo, kwani aliyoyasema yalikuwa rai yake tu, naye aweza kukosea. Mtu aliyeandika kila herufi ya maneno ya Mola wake aliogopa maneno yake yasije yakapewa daraja isiyo yake.

KUONDOKA KWAKE

Wakati mmoja Zaid alipotaka kupanda mnyama wake, Abdullah bin Abbas (RA), binamu yake Mtume (SAW), alimshikia kikuku cha kupandia. Zaid alipomkataza, Ibn Abbas akaeleza kuwa hivyo ndivyo walivyofundishwa kuwatendea wanachuoni. Zaid akauchukua mkono wake akaubusu, akaeleza kuwa hivyo nao ndivyo walivyofundishwa kuwatendea watu wa nyumba ya Mtume (SAW).

Zaid alifariki Madina, na wapokezi wengi wanautaja mwaka 45 Hijria (665). Abu Huraira (RA) alisikitika kuwa mwanachuoni mkubwa wa umma ameondoka, na Ibn Abbas, akilitazama kaburi, alieleza kuwa hivyo ndivyo elimu inavyoondoka, na kwamba elimu nyingi imezikwa siku hiyo. Mwanawe Kharija akawa mmoja wa mafakihi saba mashuhuri wa Madina.

Kurasa alizozikusanya hazipo tena. Imepokewa kuwa Marwan aliziharibu baada ya kufariki Hafsa, akichelea watu wasije wakazitilia shaka nakala zilizokwisha enea. Hakikupotea kitu, kwa sababu yaliyokuwamo yalikwisha nakiliwa na kuhifadhiwa. Wanachuoni waliofuata, kuanzia Abul Aswad Ad-Duali, wakatia alama za irabu na nukta ili wasiokuwa Waarabu wasikosee. Karne ya pili ya Hijra Baghdad ikawa na kiwanda cha karatasi, na ngozi ikaanza kuacha nafasi yake. Huku kwetu, waandishi wa Siyu katika kisiwa cha Pate waliandika misahafu kwa mkono, ikiwa na mapambo ya rangi, na watoto wa vyuoni walisoma kwa mbao na wino. Mwaka 1924 ukachapishwa msahafu wa Cairo. Na mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham kule Uingereza kilitangaza kuwa kurasa mbili za Kurani katika maktaba yake zimeandikwa juu ya ngozi ya mnyama aliyeishi baina ya mwaka 568 na 645. Maandishi yake ni yale yale yanayosomwa na mtoto wa madrasa.

MAZINGATIO KWETU

Ndugu msomaji, leo mtu hubeba Kurani nzima, picha za harusi, hesabu za duka na mawasiliano ya miaka kumi ndani ya simu moja mfukoni. Nafasi ya kuhifadhi si shida tena. Lakini ni nyumba ngapi ambazo mzee amefariki, na siku ya tatu ndugu wakaanza kukosana? Huyu anadai alimkopesha marehemu, yule anadai shamba alipewa kwa mdomo, na simu imefungwa kwa namba ya siri aliyokwenda nayo kaburini. Hapo hukosekana maandishi, au maandishi yapo lakini hakuna aliyeyashuhudia.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Aliyeiishi zaidi katika kazi yake ni huyu yatima wa Madina. Basi tuandike madeni yetu na tarehe zake. Tuandike wasia, na awepo wa kuushuhudia. Tuziweke hati za nyumba, za ndoa na za kuzaliwa mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anapajua. Tusiache kuwahifadhisha watoto kwa kuwa simu inajua kila kitu, maana simu huzimika.

Na yule mwenye kumbukumbu nzuri zaidi katika familia, anayejua nasaba, mipaka na madeni yote, asione haya kuulizwa shahidi wa pili. Zaid bin Thabit aliijua Kurani yote kwa moyo, na bado aliketi mlangoni mwa msikiti akisubiri mtu aje na mfupa wake.

Mwenyezi Mungu awe radhi naye na Maswahaba wote, na atujaalie tuwe waaminifu katika tunayoyaandika na tunayoyakumbuka. Amin.